Kura za Ng'ambo

Jumanne, 4 Machi

Nyumba yetu ina vyumba viwili, na tangu jana ina maoni mawili. Kwa kuwa sina pa kuyasemea yangu bila vyombo kuvunjika, nimeamua kuyaandika hapa kila nikiinuka kwenye cherehani.

Habari yenyewe ni hii. Madiwani wamebishana juu ya daraja miaka nenda miaka rudi, nusu wanataka, nusu hawataki, mpaka wamechoka wenyewe na kututupia mpira sisi wananchi. Mwisho wa Aprili tutapiga kura ya maoni. Swali ni moja: je, ipite sheria ya kila kaya kuchangia ushuru wa daraja kwa miaka mitano? Ndiyo au Hapana. Tutakavyosema ndivyo itakavyokuwa.

Kwa wengine hilo ni jambo la barabara. Kwangu ni jambo la sufuria, maana mume wangu ndiye mwenye kivuko. Marehemu baba yake alikivuta, naye amekivuta tangu ndevu hazijaota. Watu humwita Nahodha, ingawa bahari hajaiona hata kwenye kalenda. Mto ukipata daraja, nani atapanda mbao zilizofungwa juu ya mapipa na kuvutwa kwa kamba ya chuma?

Lakini binti yetu ameolewa ng'ambo, ana mimba ya miezi sita, na zahanati iko upande huu. Mvua zikikolea, mto hufungwa hata siku tatu. Sasa mimi niwe mke au niwe mama?

Nilipomuuliza mwenzangu atapiga nini, alijibu, "Kura ni siri." Basi nikajua ni Hapana.

Alhamisi, 6 Machi

Mawingu tu. Nimeshona mashati mawili na kufumua moja. Mwenye shati la tatu amenenepa tangu nimpime, na anasema kosa ni la futi yangu.

Jumanne, 11 Machi

Shemeji amekuja kunywa chai. Huyu ni mdogo wake mume wangu, wanavuta kamba pamoja na kugawana kinachopatikana. Sasa amejiteua kuwa mpiga debe wa Hapana, anazunguka mtaa kwa mtaa.

"Shemeji yangu," aliniambia, "daraja likija tutakula nini? Kokoto?"

"Utatafuna wewe mwenye meno," nikamjibu.

Alicheka mpaka chai ikampalia. Huyu kijana namwonea huruma. Ana watoto wanne na hajui kazi nyingine. Nilimwongezea sukari bila kuombwa.

Mume wangu alikuwa pale pale akipaka grisi kapi za kivuko.

Jumatano, 19 Machi

Leo nimevuka kupeleka gauni la bibi harusi, na nimepata darasa katikati ya maji.

Karani wa uchaguzi, msichana mwembamba ambaye watu wamekwishampachika jina la Dada Kura, amegundua mahali pazuri pa kuelimisha umma. Ukiwa kwenye kivuko huna pa kukimbilia. Alisimama juu ya kreti ya soda akaanza.

"Kwani mgombea ni nani?" aliuliza mama muuza maziwa.

"Hakuna mgombea, mama. Mnapigia kura sheria yenyewe."

"Basi fulana anagawa nani?"

"Hakuna fulana."

"Mkono mtupu haulambwi," akasema mama muuza maziwa, na kivuko kizima kikayumba kwa vicheko.

Dada Kura hakuchukia. Alingoja watu wanyamaze, kisha akasema, "Siku zote mnamchagua mtu, naye anakwenda kuwaamulia. Akiamua ndivyo sivyo, mnanung'unika miaka mitano. Safari hii hakuna wa kukuamulia. Sheria inaletwa mbele yako, unasema iwe au isiwe."

Fundi seremala wa ng'ambo, mtu mbishi kupita nyundo zake, akauliza, "Na diwani je?"

"Diwani ana kura moja."

"Na mimi?"

"Moja."

"Kwa hiyo siku hiyo mimi na diwani tuko sawa?"

"Sawasawa."

Fundi alivua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena vizuri. Nikaona hata mimi mgongo wangu umenyooka. Nimepiga kura mara nyingi, lakini kila mara nilihisi nampa mtu mwingine kalamu aandike. Sikuwahi kufikiri siku moja kalamu itabaki mkononi mwangu.

Halafu mtu akapaza sauti, "Nahodha, nawe unapiga nini?"

"Mimi navuta kamba," akajibu bila kugeuka.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua ya kwanza ya maana. Ndoo zote zimejaa.

Jumapili, 30 Machi

Tumegombana. Nilimwambia, "Mwanao akishikwa na uchungu usiku wa mafuriko, utamwambia asubiri kamba ikauke?"

Akaniuliza, "Nani kakwambia sifikirii hilo?"

"Mdogo wako anazunguka mji mzima akisema kivuko kizima ni Hapana."

"Mdogo wangu ana mdomo wake."

"Na wewe wako umeupeleka wapi?"

Aliweka kijiko chini akatoka, chakula kikapoa. Miaka ishirini na saba nimekaa na mtu huyu. Ukimuuliza habari za maji atakueleza mpaka upate kiu, ukimuuliza habari za moyo wake anatafuta misumari. Mimi naona ni ubinafsi tu. Anajua anachokitaka na anaona haya kukisema mbele ya binti yake.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Nguo hazikauki, mume hasemi.

Jumamosi, 12 Aprili

Kivuko kimefungwa tangu jana. Pale gatini kuna nguzo yenye mstari mwekundu ambao mume wangu aliupaka mwenyewe, mwaka aliorithi kazi. Zamani za baba yake kivuko kiliwahi kuvuka maji yakiwa juu mno, na wawili hawakufika. Tangu aupake, maji yakiufunika mstari, hakitoki, uwe diwani, uwe tajiri, uwe mkwewe. Hakuna ofisi iliyomwagiza. Ni amri yake, na watu wameizoea mpaka wanadhani imo kwenye sheria za nchi.

Binti yetu alikuwa na miadi zahanati jana. Hakuweza kuja. Tulipungiana mikono, yeye ng'ambo ile, mimi huku, kama watu wanaoagana kwenye kituo cha basi. Nimerudi nyumbani nimemnunia baba yake, kana kwamba mvua anainyesha yeye.

Jumanne, 15 Aprili

Mto umefunguliwa. Binti amepimwa, yuko salama, mtoto anapiga teke.

Jumanne, 22 Aprili

Shule ya ng'ambo imeingia maji hadi kwenye madawati, na shule ile ndiyo iliyokuwa kituo chao cha kupigia kura. Wakubwa wa uchaguzi wameketi huko waliko, wakatoa tangazo: wapiga kura wote wa ng'ambo watapigia ukumbi wa halmashauri, upande huu. Tangazo zuri, lina muhuri. Wamesahau kitu kimoja kidogo tu, nacho ni mto.

Dada Kura alikuja gatini uso umemsawajika. "Baba, Jumapili utavusha?"

"Nguzo ikiruhusu," akamjibu.

Shemeji alikuwa amesimama karibu. Nilimwona akiutazama mto, kisha akimtazama kaka yake, na nikaona kitu kimewaka machoni mwake. Wote tunajua ng'ambo wanataka daraja kuliko sisi wa huku. Wasipovuka, Hapana inapita.

Jumamosi, 26 Aprili

Mchana wote mvua. Jioni shemeji alikuja, hakutaka chai. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Kaka, kesho pumzika."

"Kwa nini?"

"Maji yako karibu na mstari. Kidogo tu yaufunike. Na hata yasipoufunika, nani anausoma mstari ule? Ni wewe. Sema yamepita. Hakuna kiumbe atakayekulaumu, watasema Nahodha kawaokoa."

Mume wangu alikuwa akikata kucha kwa wembe. Aliendelea kukata.

"Damu nzito kuliko maji, kaka. Watoto wangu ni damu yako."

"Hiyo ya damu nimeisikia," nikaingilia, "na binti yake je? Yeye ni juisi?"

Shemeji hakucheka. Mimi pia sikuwa nachekesha. Tulimtazama mwenye kivuko, sote wawili.

"Kesho tutaona maji yamefika wapi," akasema.

Jibu gani hilo! Kuuma na kupuliza. Nimeandika haya kwa hasira. Kesho nitajua nimeolewa na nani.

Jumapili, 27 Aprili

Nimechoka mpaka kwenye kope, lakini silali kabla sijaandika.

Alfajiri mume wangu alitoka kimya. Nilipomfuata, vituo vikiwa ndiyo kwanza vinafunguliwa, ng'ambo kulikuwa kumejaa watu. Miavuli, mifuko ya plastiki kichwani, wazee wamebebewa viti. Wamesimama wanangoja. Kivuko kimefungwa kwenye kigingi upande wetu, naye amekaa karibu na nguzo amejikunyata chini ya turubai.

"Hakitoki," akaniambia. "Mstari umefunikwa."

Ng'ambo walikuwa wakipiga kelele. Sauti ya fundi seremala ilifika wazi juu ya maji: "Mwizi wa kura! Nahodha mwizi wa kura!" Na wengine wakaipokea.

Dada Kura alikuja mbio, viatu mkononi. "Baba, hata mara moja tu! Vituo vinafungwa saa kumi na moja jioni."

"Binti, mimi navusha watu, sivushi maiti."

Shemeji alikuwa ameegemea gogo, anatabasamu mvua ikimnyeshea. Na hapo nikaona yote wazi, au nilidhani nimeona. Wamekubaliana. Nikamwacha Dada Kura analia, nikateremka matopeni hadi kwenye nguzo, nikaingia maji ya magoti na kupapasa kwa kiganja, maana sikutaka kuambiwa na mtu. Mstari ulikuwa chini ya maji, vidole vitatu. Nikapapasa tena. Vidole vitatu.

Nilipoinua macho alikuwa ananitazama. Hakuuliza nimefuata nini. Alisogea kidogo kwenye turubai, nikakaa.

Tulikaa asubuhi yote tukiitazama nguzo. Mvua ilikatika saa nne. Ng'ambo hawakuondoka. Binti yetu alikuwa mbele kabisa, amevaa gauni la njano nililomshonea, mumewe kamshika mkono.

Mnamo saa sita na nusu maji yalianza kupungua. Polepole, kama mtu anayeondoka msibani. Kidole kimoja. Kingine. Kisha ukingo mwekundu ukachungulia, ukaonekana ukizama na kuibuka kila wimbi likipita. Ng'ambo hawawezi kuuona kutoka kule. Upande huu, Dada Kura akiwa amekwisharudi ukumbini, tulikuwa watatu tu wa kuuona.

Shemeji aliinama sikioni mwa kaka yake, lakini nilimsikia. "Bado kidogo, kaka. Subiri ukauke vizuri. Saa mbili tu, tatu. Hutakuwa umedanganya, utakuwa umejihadhari."

Mume wangu alingoja mawimbi yapite. Mstari ukabaki juu ya maji, wote, mwekundu. Akasimama, akaenda kwenye kipande cha reli kinachoning'inia pale gatini, akakigonga. Ndiyo alama ya kwamba mto umefunguliwa. Alikigonga kwa nguvu kama anayegombana nacho.

Ng'ambo walilipuka. Shemeji alikitupa chini kipande cha gunia anachovutia kamba.

"Vuta mwenyewe kifo chako," akasema, akaenda zake.

Kivuko kinahitaji watu wawili. Mume wangu aliangalia huku na huku, kisha akaanza kufungua kigingi peke yake. Nikaliokota lile gunia. Nikajifunga kitambaa kiunoni, nikashika kamba nyuma yake.

"Itakuchuna mikono, Mama Watoto."

"Wewe vuta."

Sijawahi kujua kazi ya mume wangu mpaka leo. Naifua kwenye mashati yake, nainusa grisi yake, lakini sikuijua. Ule mto unakataa. Unavuta hatua moja, nao unakurudisha nusu. Tulipofika ng'ambo nilikuwa sioni vizuri.

Watu wakamiminika. Mume wangu aliwapanga, wazee katikati, hakuna anayesimama pembeni, kama siku yoyote nyingine. Fundi seremala alipanda mwisho, kofia mkononi.

"Nahodha, ulimi hauna mfupa."

"Mikono unayo?"

"Ninayo."

"Basi shika kamba."

Akashika. Wengine nao wakashika. Tangu hapo kila safari abiria walijivuta wenyewe, wauza maziwa, mafundi, mwalimu mkuu na tai yake, bibi mmoja asiye na meno aliyeweka vidole viwili tu juu ya chuma na kusema naye amo. Tuliwashusha, wakakimbilia ukumbini, tukarudi kufuata wengine. Nilijua, na yeye alijua, na wao walijua, kila kichwa tunachokivusha kinakwenda kuifuta kazi hii. Wengine walikwepa kumtazama usoni. Yeye aliwatazama wote, na kila mzee alimpa mkono wa kushukia.

Binti yetu alivuka safari ya pili. Baba yake alimkalisha juu ya sanduku la zana.

"Mama, na wewe unavuta kamba?"

"Mimi kazi yangu kuvuta. Yako kapige kura."

Safari ya mwisho tulitia gati saa kumi na moja ikikaribia kugonga. Dada Kura alikuwa mlangoni mwa ukumbi akipunga, "Aliyeingia foleni kabla ya saa anapiga! Foleni! Foleni!" Wakakimbia. Ndipo nikakumbuka kwamba sisi wawili wenyewe hatujapiga.

Tukakimbia nasi. Nahodha wangu na nywele zake za mvi, anachechemea, tumekamatana mikono kama wanafunzi waliochelewa kengele. Tuliingia mkiani mwa foleni, mlango ukafungwa nyuma yetu.

Mbele ya meza mume wangu alirudi hatua moja. Viganja vyake vilikuwa vyeusi kwa grisi. Akaomba maji. "Nikiichafua karatasi mtaikataa," alisema, "na mimi nimeitafuta mchana kutwa." Watu wa foleni walingoja akanawa mpaka viganja vikarudi rangi yake. Akapewa karatasi, akaingia kijibandani. Alikaa humo muda. Alipotoka aliikunja mara mbili, akaitumbukiza sandukuni, akabaki ameweka kiganja juu ya kifuniko kidogo kama mtu anayemlaza mtoto.

Mimi niliweka alama kwenye Ndiyo. Naandika hapa tu. Yeye sijui aliweka wapi, na leo hii kwa mara ya kwanza nimeona si haki yangu kujua.

Jumatatu, 28 Aprili

Matokeo yamebandikwa ukumbini. Ndiyo imepita kwa kura mia moja na tisa. Ng'ambo peke yao walileta zaidi ya mia tatu.

Shemeji aliingia kwetu bila kubisha hodi. Sijawahi kumwona vile.

"Umeona? Umeona kaka? Mia moja na tisa! Umewabeba kwa mikono yako mwenyewe! Ungekaa nyumbani tu. Nakwambia ungekaa tu kwenye kiti hicho, usifanye chochote, sheria ile ingekufa!"

Mume wangu alikuwa anakula. Alimeza kwanza.

"Ningekaa kwenye kiti hiki," akasema, "ningekuwa nimepiga kura mia tatu peke yangu. Mimi nimepewa moja."

Mabega yakamshuka shemeji, akakaa, akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Na watoto wangu?" akauliza, kwa sauti nyingine kabisa.

"Daraja halijengwi kesho. Tutavuta wote mpaka siku yake, na siku yake ikifika tutahangaika wote. Wengi wape, mdogo wangu. Mke wangu, mpe chakula."

Nikampa. Alikula. Alipoondoka nilikaa karibu na mume wangu, nikataka kumwambia nilivyopiga. Akainua mkono.

"Usiniambie. Hiyo ni yako."

Sijui tutaishi kwa kitu gani baada ya daraja. Cherehani moja haijengi nyumba. Naogopa, sitaficha. Lakini nilimtazama mtu huyu akisomba makombo ya mezani kwa kiganja chake kilichochunika, na nilijivuna mpaka nikatoka nje nikajifanya naanua nguo.

Ijumaa, 2 Mei

Leo sokoni mwanamke nisiyemjua alinishika bega. "Samahani dada, wewe si mke wa yule mvuta kivuko?"

Nimejibu, "Mimi hasa!" kwa sauti iliyogeuza vichwa mpaka kwenye meza za vitunguu.